Hedifoni za Baba

Piano niliyoichagulia kwaya yetu ilikuwa bubu. Hayo si maneno yangu, ni ya mwenyekiti wa kwaya, na aliyarudia kwa miezi mingi kila alipopata mtu wa kumsikiliza: eti tulikwenda dukani kununua kinanda, binti wa mwalimu akatuchagulia meza nyeusi. Sikumjibu hata siku moja. Mimi si mtu wa majibizano. Mimi nanuna, na nikinuna nanuna kweli kweli.

Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa kuingia. Maduka ya Mwanza mjini, ambayo nilikua nikiyaona yana rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, yalikuwa yamefurika vitu mpaka barazani: redio, feni, pasi za umeme, saa za ukutani zinazolia kama ndege, mashati yaliyofungwa kwenye nailoni. Kila kitu kimetoka Dubai, au ndivyo tulivyoambiwa. Kwaya yetu nayo ilikuwa imerekodi kanda, kanda ikauzika mpaka Sengerema, na wazee wa kanisa wakakubali kwamba kinanda cha kukanyaga sasa kipumzike, maana mchwa walishakila miguu na kilikuwa kinahema kuliko mpigaji. Mpigaji nilikuwa mimi. Kwa hiyo nikatumwa kuchagua kinanda cha umeme, na mwenyekiti akatumwa kuhakikisha sichagui kwa ubishi wangu.

Hakujua kwamba nilikuwa na langu moyoni. Nilitaka piano ambayo baba yangu ataisikia.

Baba ndiye aliyeifundisha kwaya ile tangu mimi sijazaliwa. Alifundisha kwa ubao na chaki, do re mi zimeandikwa kwa herufi, mistari minne kwa sauti nne: ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu na ya nne za wanaume. Yeye mwenyewe alikuwa sauti ya nne, nzito, ya kutoka tumboni. Mama alikuwa sauti ya kwanza. Alikuwa na sauti nzuri na tabia moja mbaya: alichelewa kuingia. Wenzake wameshaanza, yeye anafuata nyuma kidogo, kama mtu aliyerudi kuangalia kama amefunga mlango. Baba alimgombeza kwa hilo mbele ya kwaya nzima kabla hawajaoana, na walipooana akaendelea kumgombeza. Kisha akatunga wimbo wa mavuno ambao sauti ya nne inaanza peke yake, inashikilia noti moja ndefu, inasubiri, ndipo sauti ya kwanza inaingia juu yake. Kwenye wimbo ule mama hakuonekana kuchelewa hata mara moja. Walioimba nao walikuwa wanaujua sana mwanzo ule, na walikuwa wanamtania baba kwa ajili yake mpaka uzeeni.

Masikio yake yaliziba taratibu, naye hakusema. Na sisi hatukusema. Kwetu mwalimu wa kwaya ndiye anayetoa noti ya kuanzia. Anaiguna kidogo, kila sauti inachukua ya kwake. Jumapili moja akaitoa juu mno. Mtu angemnong'oneza tu, yangeisha. Lakini nani angemwambia mzee yule, mbele ya kanisa zima, kwamba amekosea? Kwaya ikaichukua hivyo hivyo. Sauti ya kwanza wakapanda mpaka mishipa ya shingo ikawasimama, wa sauti ya tatu wakawa wanalia kama mbuzi, mama mmoja akakohoa kuanzia ubeti wa pili, na wote wakafika mwisho. Nje watu wakampa mkono wakamwambia, mwalimu, leo mmeimba. Mama naye alimpa mkono.

Mama akafariki, tukavuka naye kwa feri mpaka Kamanga, tukamzika kwao. Pale kaburini baba alitaka kuongoza kwaya mwenyewe. Wimbo ukaisha, mkono wake ukaendelea kupiga hewani. Hakuna aliyethubutu kumshika. Wanakwaya wakaangaliana, wakaanza tena ubeti wa kwanza ili kuufuata mkono wake, na wanaume waliokuwa wameshika majembe wakasubiri. Nilisimama pale nimeuma pindo la kanga, nikaelewa masikio yale yameshafika wapi. Nilimlilia mama, na katikati ya kilio kile kile nikawa namlilia na baba aliye hai.

Nikamchukua nikakaa naye kwangu Ilemela, kwenye nyumba iliyobanwa kati ya mawe mawili makubwa, ziwa likionekana chini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume nilikuwa naye zamani. Alikwenda Dar kutafuta maisha, akayapata huko huko. Basi tukawa wawili, mimi na baba, na nyumba ikanyamaza.

Maana ukitaka kumsemesha mtu asiyesikia lazima upaze sauti, na mtoto hampazii baba yake sauti. Siku za mwanzo nilijaribu. Nilisimama mlangoni nikaita, baba, chai tayari, nikaita tena kwa nguvu, na mara ya tatu kwa nguvu zangu zote. Jirani yangu, mama mtu mzima, akapanda mawe mpaka uani kwangu akaniuliza mzee amefanya nini mpaka namfokea vile. Nikamweleza. Akasema yeye anaelewa, ila wapita njia hawaelewi. Niliona aibu, nikaacha. Nikawa namgusa bega, namwonyesha kikombe, namwonyesha mlango. Naye hakutaka kunisumbua, akawa anaitikia kwa kichwa hata kama sijasema kitu. Lori la mchanga likipanda mlima alilisikia; birika likipiga mluzi jikoni hasikii. Jioni tulikaa nje juu ya jiwe, yeye anaangalia ziwa, mimi namwangalia yeye. Upweke wa kukaa peke yangu naujua, nilishaupitia. Ule wa kukaa na mtu unayempenda na jua likazama hamjasemeshana, we acha tu. Nilifika mahali nikawa naongea na sufuria.

Hospitali waliniambia masikio yamechoka na uzee, nimshukuru Mungu kwa macho. Nikashukuru. Kisha siku moja shuleni, ofisini kwetu, mwalimu mwenzangu akanivalisha kwa utani hedifoni za redio yake ndogo ya kanda, akafungulia mpaka mwisho. Nusura nidondoke kwenye kiti. Wenzangu walicheka, mimi nikabaki nawaza. Sauti ilikuwa imemiminwa sikioni kwangu moja kwa moja, kubwa kupita kelele yoyote ambayo ningeweza kuipiga, na mtu wa pembeni hakusikia kitu. Na kinanda cha umeme nacho huchomekwa hedifoni; piano haimfokei mtu. Baba angeweza kupigiwa kwa nguvu zote, na jirani asipande mawe kuja kuniuliza.

Ndiyo maana siku ya kwenda dukani nilikwenda naye, amevaa koti lake la kanisani. Mwenyekiti alimwamkia, shikamoo mwalimu, kisha akanivuta pembeni akauliza mzee anakuja kufanya nini. Nikamwambia anakuja kuchagua. Alitaka kusema neno, akamwangalia baba, akalimeza.

Duka lilikuwa katikati ya mji, hatua chache tu ukitokea mto Mirongo. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo aliyezaliwa pale pale Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu. Alimsalimia baba kwa Kisukuma, baba akaitikia kwa kichwa, akapewa kiti.

Kinanda cha kwanza alichotuonyesha kilikuwa cha rangi ya fedha, kina spika zake ndani na vitufe vya kila aina. Mwenyekiti akabonyeza kimoja, ngoma na gitaa la besi vikaanza kupigwa bila mkono wa mtu. Uso wake ukachanua. Akabonyeza kingine, ikaja rumba. Alikuwa mtu wa kiwanda cha samaki, anayeshinda amesimama kwenye barafu na minofu ya sangara, na mabega yake yakaanza kucheza yenyewe. Akaniambia hiki kinapiga chenyewe, hata nikiugua ibada inaendelea. Nilipandwa na hasira. Miaka yote nimekanyaga kinanda mpaka magoti yananiuma, leo nafananishwa na kitufe. Nikapitisha vidole; vibao vyake vilikuwa vyepesi kama vya kalkuleta. Baba naye akaweka kidole kimoja, akabonyeza, akasubiri, akakiondoa akarudisha mkono mfukoni.

Ndipo nikaiona ile nyeusi nyuma ya kile cha fedha, ndefu, haina mapambo, imelazwa juu ya chuma chenye miguu. Nikabonyeza kibao kimoja. Kilikuwa kizito, kinashuka polepole na kinarudi kwa heshima, kama piano ya kweli ya mbao niliyojifunzia nikiwa chuo cha ualimu. Ila haikutoa sauti. Kilichosikika ni tok, kama mtu anagonga mlango kwa ukucha. Mwenyekiti akabonyeza naye, tok, akasema hii mbovu.

Mwenye duka akatuelewesha kwamba si mbovu. Ni piano ya wapigaji wa jukwaani; haina spika ndani, sauti yake inatoka kwa waya kwenda kwenye spika kubwa za ukumbini. Hapa dukani spika za namna hiyo hana, kwa hiyo anayetaka kuijaribu anavaa hedifoni. Akachomeka zile ndogo zenye sponji, nikavaa mimi kwanza.

Jamani. Nilikuwa nimesahau piano. Nilipiga noti moja tu katikati, nikaisikiliza mpaka ikaisha, na nilihisi machozi yananijia dukani kwa watu, nikaanza kucheka ili yasionekane. Mwenyekiti alikuwa ananiangalia nikichekea meza iliyonyamaza. Nikataka kumwambia sikia hii, sikuwa na namna. Kilichokuwa kinasikika kilikuwa kwangu peke yangu.

Nikazivua, nikamvalisha baba. Nilimrekebishia sponji vizuri masikioni, akakaa wima kama anapimwa suti. Nikapiga. Nikamwangalia usoni, hakuna kitu. Nikaongeza sauti, nikapiga tena, nikaongeza mpaka kitufe kikagoma. Sisi tuliosimama pembeni tukaanza kuisikia inavuja, nyembamba kama mbu. Mwenyekiti aliisikia. Mwenye duka aliisikia. Baba aliangalia mikono yangu, akaniangalia mimi, na kwa kuwa ananijua nikitaka jambo ninavyolitaka, akatabasamu.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, mwanangu."

Mikono yangu ilikuwa mapajani. Nilikuwa nimeshaacha kupiga.

Basi hapo niliishiwa. Nilimwambia mwenyekiti achukue hicho chake cha rumba twende zetu. Hata kununa sikuwa na nguvu. Nilikuwa nimejipa matumaini peke yangu, kimya kimya, siku zote zile, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba yamekufa, kwa sababu hakuna niliyemwambia yalipozaliwa.

Mwenye duka alifungua kabati la kioo, akatoa hedifoni nyingine, kubwa, nzito, zenye mito ya ngozi inayofunika sikio lote. Akasema hizi ni za watu wa studio, zinaziba, hazivujishi. Sikutaka. Alimvalisha baba mwenyewe, kwa mikono miwili, akanionyesha kwa kidevu nikae.

Nilianzia chini kabisa, mkono wa kushoto, kule kwenye noti nene. Nilipiga moja, kwa nguvu. Baba akainua kichwa.

Nikapiga nyingine. Akageuka kuniangalia, macho yamemtoka, akashika ile mito kwa viganja akaikandamiza. Sisi hatukusikia kitu zaidi ya tok. Nikashuka noti moja, nikapanda mbili, naye akaanza kutikisa kichwa kila ninapobonyeza, pale pale, bila kuangalia mikono yangu. Alifumba macho nikapiga, akatikisa kichwa. Alikuwa anasikia. Baba yangu alikuwa anasikia, na mimi nilikuwa nabonyeza kwa kubahatisha, sisikii lolote, nategemea vidole tu.

Nikaanza wimbo wake wa mavuno. Sikuufikiria, mikono ilikwenda yenyewe. Na baba akaimba.

Aliimba kwa sauti kubwa, sauti ya nne yote, ya tumboni, katikati ya feni na redio za Dubai. Tangu mazishi hakuwa ameimba. Noti ilikuwa ile ile hasa, haikupungua wala kuzidi. Watu waliokuwa wanaangalia pasi waligeuka. Hawakusikia piano; walimwona mzee mwenye koti anaimba mstari mmoja usio na wenzake na mwanamke anagonga gonga meza. Mwenyekiti hakusogea. Wimbo ule alikuwa anaujua, wote tulikuwa tunaujua.

Baba akafika kwenye ile noti ndefu. Akaishikilia. Mkono wangu wa kulia uliingia juu na sauti ya kwanza. Akaendelea kushikilia. Nikamaliza mstari wa mama, yeye bado ameishika, uso unamwiva, mpaka pumzi ikamwishia. Akafumbua macho.

"Sauti ya kwanza mbona hawaimbi?"

Nikafikiri sikubonyeza vizuri. Nikarudia. Akaimba tena, akashikilia tena, akapunga mkono kuwaita waingie, kama alivyokuwa anafanya mbele ya ubao. Nilikuwa naipiga. Naapa nilikuwa naipiga kwa nguvu mpaka kucha zinauma. Ndipo nikaelewa: lori analisikia, birika halisikii. Noti nene zimebaki, nyembamba zote zimekwenda, na mama amekwenda nazo.

Sikukubali. Mimi ni mbishi, nilishasema. Niliichukua sauti ya kwanza nikaishusha, nikaivuta kutoka kule juu mpaka chini kabisa, nikampigia wimbo wa mama kwa noti nene zinazomfikia. Baba akainamisha kichwa. Alisikiliza mstari wote bila kuimba. Kisha akanyanyua mto mmoja wa hedifoni sikioni.

"Huyo nani?"

Nilimgusa bega, haikusaidia. Nilimwonyesha mkono, haikusaidia. Basi nikamfokea. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya Mhindi na wateja wake, nilimpigia baba yangu kelele sikioni:

"Ni mama! Ni sauti ya mama, baba!"

Alisikia. Sijui kama alisikia maneno au aliona mdomo wangu. Alitingisha kichwa, bila hasira, kama anavyomsahihisha mwanakwaya mgeni.

"Huyo si mama yako. Mama yako hakai huku chini." Akaurudisha mto sikioni, akakaa wima. "Mrudishe kule kule juu. Mimi nitamsubiri."

Mwenyekiti ndiye aliyemwambia mwenye duka atufungie ile nyeusi, pamoja na hedifoni za studio. Hakuniuliza. Kuanzia Jumapili iliyofuata akawa analalamika kwa kila mtu kwamba nimewachagulia meza, nina ubishi, kwaya sasa inakodi spika kila ibada. Watu walinicheka mimi. Ya dukani hakumsimulia mtu yeyote, na ndiyo sababu nilimwachia alalamike mpaka achoke.

Piano ile ilikaa kanisani. Jumamosi moja, kabla kwaya haijaja mazoezini, nilitangulia na baba. Spika zilikuwa hazijaletwa. Alikaa kwenye benchi upande wa sauti ya nne, nikavuta waya mpaka pale, nikamvalisha zile hedifoni, nikampigia wimbo wake kwa sauti zote nne. Kanisa lilikuwa tupu. Nilichokuwa nasikia ni kugonga kwa vibao, na yeye.

Kwenye noti ndefu aliishikilia kwa kipimo, akageuza uso kuelekea dirishani, upande walipokuwa wanasimama sauti ya kwanza. Alikaa hivyo muda ule ule wa mstari mmoja, kisha akaendelea, ametulia, kama mtu ambaye aliyemsubiri ameingia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu kabisa, pale alipotaka. Yeye haukumfikia kwa sababu ya masikio yake; mimi sikuusikia kwa sababu hedifoni alikuwa nazo yeye. Nilipiga sauti ya mama yote, kuanzia alipoingia mpaka mwisho, na mle kanisani hakuna mtu aliyemsikia.